Kutengeneza Kitabu cha Ukoo kwa Karatasi ya Mkono

Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba historia ya ukoo imo ndani ya mkoba mmoja wa plastiki. Mkoba huo huning'inizwa nyuma ya mlango wa chumba cha bibi, au hulazwa chini ya nguo ndani ya kasha, na ndani yake mna picha za harusi zilizogandana, stakabadhi za karafuu, cheti cha ndoa kilichokunjwa mara nne, barua moja au mbili za khati za Kiarabu ambazo wajukuu hawawezi kuzisoma, na kadi ya mwaliko wa harusi ambayo maharusi wake sasa ni babu na bibi wa watu. Maelezo haya ni kwa ajili ya mtu anayetaka kuufungua mkoba huo na kuugeuza kuwa kitabu, kwa karatasi aliyoitengeneza mwenyewe na gundi aliyoipika mwenyewe.

Kanuni ninayoifuata ni moja: kila kinachotiwa kitabuni kiweze kutolewa tena bila ya kudhurika. Niliijua kanuni hii baada ya kuivunja. Nilipoanza kazi hii nilinunua albamu yenye kurasa za kunata, zile zenye plastiki ya kufunua juu yake, nikazipanga humo picha za babu yangu kwa furaha kubwa. Baada ya masika matatu gundi ya kurasa zile iligeuka rangi ya chai, na nilipojaribu kuibandua picha ambayo babu amesimama na baiskeli yake mbele ya duka huko Wete, picha ilichanika kuanzia gurudumu la nyuma hadi kwenye kiwiko chake. Picha hiyo haikuwa na nakala.

Kabla ya karatasi, majina

Karatasi hupatikana na gundi hupikwa kwa nusu saa, lakini anayelijua jina la yule aliyesimama mwisho upande wa kushoto huenda ni mtu mmoja tu, naye ana miaka 80 na zaidi. Kwa hivyo kazi huanzia kwake. Nenda baada ya sala ya alasiri, wakati ambapo jua limepungua na mwanga bado upo, ukae naye barazani au ukumbini, na usimpelekee zaidi ya picha kumi kwa siku moja, kwani baada ya hapo mzee huchoka na huanza kujibu ili umalize. Muombe ruhusa ya kumrekodi kwa simu. Usiulize “huyu nani?” peke yake, uliza pia nani aliyeshona nguo ile, nyumba ile ilikuwa ya nani, na siku ile kulikuwa na shughuli gani, kwa sababu mara nyingi jina huja likiwa limefuatana na kitu kingine.

Nilimuuliza bibi yangu kuhusu picha moja ya Sikukuu ambayo kwa miaka yote tuliamini kuwa imewakusanya ndugu watano.

“Bibi, huyu aliyesimama nyuma ya ami, ndiye yule aliyehamia Mombasa?”

Aliisogeza picha karibu na dirisha. “Huyo? Huyo si wa kwetu, mwanangu. Huyo fundi wa kanzu, alikuwa anapita njia tu, ami yako akamwita aingie pichani.”

Kwa picha ya watu wengi, chora vichwa vyao kwa mistari kwenye kipande cha karatasi, uvipe nambari, kisha uandike majina chini kwa kufuata nambari hizo, kwa kuwa maneno “wa pili kutoka kulia” hubadilika maana mtu anapoigeuza karatasi. Nyuma ya picha yenyewe andika kwa penseli laini, pembezoni, ukiwa umeilaza picha juu ya kioo au meza ngumu. Kalamu ya wino huchimba karatasi na alama yake hutokeza upande wa sura. Picha za rangi zenye mgongo wa plastiki hazishiki penseli. Hizo ziandikie bahasha yake.

Tarehe nazo hupatikana kwa kutazama vizuri hata pale ambapo hakuna anayezikumbuka. Stakabadhi iliyoandikwa kwa rupia kwa kawaida ni ya kabla ya 1936, kwani mwaka huo ndipo Zanzibar ilipoiacha rupia na kuingia katika shilingi ya Afrika Mashariki. Picha yenye mhuri wa Capital Art Studio, iliyopo Barabara ya Kenyatta, Mji Mkongwe, haiwezi kuwa imesafishwa humo kabla ya 1930, mwaka ambao studio hiyo ilifunguliwa. Stempu yenye sura ya Sayyid Khalifa bin Harub haisaidii sana peke yake, maana alitawala tangu 1911 hadi 1960, lakini stempu ya Sultani iliyogongwa juu yake neno Jamhuri na mwaka 1964 inakuonesha kuwa barua ilipelekwa baada ya Mapinduzi ya Januari 12. Barua za zamani huwa na mwaka wa Hijria. Uzidishe mwaka huo kwa 0.97 kisha ujumlishe 622, nawe utapata mwaka wa Miladia kwa makosa ya mwaka mmoja hivi: barua ya 1350 inaangukia 1931 au mwanzo wa 1932. Ikiwa jamaa yako alikuwa mtumishi wa serikali, inafaa kwenda Nyaraka za Zanzibar huko Kilimani kulitafuta jina lake katika gazeti rasmi, lililoanza kuchapishwa mwaka 1892.

Barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa khati za Kiarabu zinahitaji wasomaji wawili waliokaa pamoja. Mmoja awe anaijua khati, mathalan maalim wa chuoni, na wa pili awe anaujua ukoo, kwa sababu waandishi wengi wa zamani hawakutofautisha p na b wala hawakutia irabu zote, na jina la mtaa au la shamba linaweza kusomwa kwa namna tatu ikiwa msomaji hajawahi kufika huko. Inukuu barua mstari kwa mstari, na neno lisilosomeka liachie nafasi tupu badala ya kulibunia.

Asili ilazwe, nakala ifanye kazi

Kinachobandikwa kitabuni ni nakala. Piga picha kila hati kwa simu ukiwa kivulini karibu na dirisha, bila ya mwanga wa simu yenyewe, na hati iliyojikunja uilaze chini ya kioo safi. Unapozipeleka kuchapishwa dukani, ulizia mashine inayotumia tona ya unga. Wino wa maji unaotumiwa na mashine ndogo nyingi hutanda unapoguswa na unyevu, na visiwani kwetu hakuna karatasi isiyoguswa na unyevu. Asili zitiwe ndani ya bahasha za karatasi nyeupe, kila moja peke yake, na asiyetaka kuziacha kabisa nje ya kitabu aziwekee mfuko mwishoni, kama nitakavyoeleza.

Karatasi ya mgomba

Unaweza kununua karatasi nzito dukani na kuiruka sehemu hii yote. Mimi napenda karatasi ya mgomba kwa sababu inatoka shambani kwetu, na kwa sababu mtoto aliyeiponda kwenye kinu hakisahau kitabu kile.

Mkungu ukishavunwa, shina hukatwa. Bandua maganda ya shina lile, uyakate vipande vya urefu wa sentimita mbili, na uyaanike mpaka yakauke kabisa. Yapime. Kwa kila kilo moja ya maganda makavu tia gramu 200 za magadi katika maji ya kutosha kuyafunika, kisha chemsha kwa muda wa saa tatu hivi, hadi nyuzi ziwe zinaachana unapozivuta kwa vidole. Hapa pana hatari ambayo wengi hawaijui: magadi hula alumini, na sufuria nyingi za nyumbani ni za alumini. Tumia sufuria ya chuma cha pua, au ya chuma iliyopakwa rangi ya kioo na isiyobanduka. Vaa glavu, na watoto wakae mbali mpaka maji yapoe. Baadaye suuza, na usuuze tena, mpaka maji yawe meupe na nyuzi zisiteleze mkononi, kwa sababu magadi yakibaki ndani yataidhuru karatasi.

Nyuzi hupondwa katika kinu ambacho hakitumiki tena kwa chakula. Ni kazi ya saa nzima na zaidi, na inakwenda vizuri zaidi wakiwa wawili wanaopokezana michi. Ukitupa chembe ya nyuzi ndani ya glasi ya maji na ikatawanyika bila ya kufanya mafundo, imeiva. Nusu ya rojo hilo mimi huchanganya na nusu ya karatasi nyeupe za ofisini zilizolowekwa usiku kucha na kusagwa kwa blenda, kwani rojo la mgomba tupu hutoa karatasi ngumu inayolia kama jani kavu. Magazeti usiyatie. Karatasi ya gazeti imetengenezwa kwa mti uliosagwa pamoja na utomvu wake wote, nayo hugeuka manjano na kukatika, na asidi yake huhamia kwenye kile kilicholala karibu nayo.

Fremu zinatakiwa mbili za mbao, zenye ukubwa sawa, tuseme sentimita 30 kwa 22 kwa ndani. Moja iwambwe wavu wa madirisha wa kuzuia mbu, ukazwe kama ngozi ya ngoma. Ya pili huwekwa juu yake ili kuzipa karatasi kingo. Jaza maji beseni kubwa, tia rojo hadi maji yawe kama uji mwepesi wa mgonjwa, koroga, kisha zizamishe fremu zote mbili zikiwa zimesimama, uzilaze chini ya maji na kuziinua zikiwa sawasawa. Hapo hapo, kabla maji hayajachuruzika, zitikise kidogo kulia na kushoto na mbele na nyuma ili nyuzi zishikane. Ukikawia, zimekwishalala. Toa fremu ya juu, pindua ile ya wavu juu ya kitambaa cha pamba kilicholowa, bonyeza kwa sifongo kutoka nyuma, na inua kwa kuanzia upande mmoja. Karatasi ya kwanza huharibika, na ya pili pia. Irejeshe beseni na endelea. Zipange kwa kupishanisha na vipande vya shuka kuukuu, weka ubao na mawe juu yake kwa usiku mmoja, kisha zianike kivulini zikiwa bado juu ya vitambaa vyake.

Msimu una neno kubwa katika kazi hii. Karatasi nilizozitengeneza katikati ya masika ziliota ukungu kabla hazijakauka. Wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba mvua za vuli zinapokwisha hadi Februari, hukauka kwa siku moja.

Gundi, pembe na uzi

Gundi nzuri ni kanji, ile ile iliyokuwa ikitiwa kwenye kanzu kabla ya kupigwa pasi. Unga wa ngano mzima haufai sana, kwa kuwa una vitu vingine ndani yake ambavyo mende hawawezi kuviacha; wanga mtupu ni afadhali, na unaweza kuupata kwa kukuna muhogo, kuukamua kwa kitambaa na kuyaacha maji yake yatuame. Changanya kijiko kimoja cha wanga na vijiko vitano vya maji baridi, acha kidogo, kisha pika kwa moto mdogo huku ukikoroga bila ya kuacha kwa dakika 20 hadi 30, mpaka rojo liwe zito na ling'ae. Likipoa lichuje kwa shashi. Pika la kutumia siku hiyo na ya pili yake tu, na likianza kunuka litupe. Wajalidi wa zamani huko Ulaya walitia matone ya mafuta ya karafuu ili gundi isioze. Mimi, ingawa nimezaliwa penye karafuu, sitii, kwa sababu mafuta huacha doa ambalo halitoki. Ubora wa gundi hii ni kwamba hulainika tena kwa maji, na kilichobandikwa kwayo hubanduka, jambo ambalo selotepu na gundi za chupa hazikubali.

Hata hivyo gundi haigusi picha. Picha hushikwa kwa pembe nne za karatasi. Kata kipande cha urefu wa sentimita nne na upana wa sentimita mbili. Kilaze kikiwa kimetanda mbele yako, shika ncha ya juu kushoto uikunje hadi katikati ya ukingo wa chini, fanya hivyo kwa ncha ya juu kulia, na utapata pembetatu yenye mfuko, mfano wa mkunjo wa sambusa. Vaa pembetatu hizo kwenye pembe nne za picha, mikunjo ikiwa nyuma, tia kanji kidogo juu ya mikunjo tu, kisha ulaze picha mahali pake na ubonyeze pembe. Ikikauka, picha huingia na kutoka kama mkono katika mfuko wa kanzu.

Kurasa zitakaposhonwa, weka baina ya kila ukurasa na mwenziwe utepe wa karatasi wenye upana wa sentimita tatu upande wa mgongo. Bila ya tepe hizo kitabu kikijaa picha kitafura mbele na kukaa wazi kama mdomo wa kenge. Toboa matundu manne kwa shazia, sentimita moja na nusu kutoka ukingoni, na shona kwa uzi wa pamba uliopitishwa kwenye nta ya nyuki. Fundi wa kofia za viua yeyote katika familia ataifanya kazi hii kwa mikono mizuri kuliko yangu. Majalada yawe karatasi zako nne au tano zilizobandikwa pamoja kwa kanji na kukandamizwa kwa siku tatu. Ndani ya jalada la mwisho shona mfuko wa karatasi wa kuweka bahasha za asili.

Kwa kulivika jalada, hakuna kitu kizuri kama kanga, pindo likiwa upande wa mgongo na jina likisomeka mbele. Lakini kanga ya marehemu isikatwe kabla ya kuwauliza wanawe wote. Na kanga mpya ifuliwe kwanza mpaka iache kutoa rangi. Vivyo hivyo ukindu: mapambo ya ukili usiotiwa rangi yanapendeza, bali ule wa mikeka, wenye zambarau na kijani cha unga, humwaga rangi yake kwenye ukurasa siku ya kwanza ya mvua.

Kuhusu mpangilio, watu wengi hufuata miaka. Mimi nafuata nyumba, kwa kuwa mtu wa kwetu akisimulia husema “tulipokuwa Jadida” au “tulipohamia Ng'ambo”, na mara chache hutaja mwaka. Kuna pia picha ambazo wenyewe hawapendi zitazamwe na kila mgeni, kama za kina mama wasiovaa buibui, na hati za talaka au za mambo ya 1964 ambazo bado zina uchungu. Waulize. Wakikataa, ziende kwenye mfuko wa nyuma zikiwa ndani ya bahasha iliyofungwa, na jina la mwenye kuruhusu kuifungua liandikwe juu yake.

Pa kukiweka

Kitabu kisiwekwe kwenye kidaka cha nyumba ya mawe, hata kama ndipo misahafu ilipokuwa ikikaa, kwani kuta za chokaa hufyonza unyevu na chumvi. Kasha linafaa ikiwa kitabu kimefungwa kwa kitambaa safi cha pamba na hakigusi mbao. Ukungu huanza kuota pale unyevu wa hewa unapozidi asilimia 65 au 70 na kukaa hivyo, na hali hiyo kwetu ni ya kawaida, kwa hivyo dawa ni upepo: kitoe kila kaskazi na tena masika yakishapita, ukifungue kivulini kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri, uzigeuze kurasa zake. Karafuu kavu ndani ya kijifuko huwapunguza wadudu, ila kijifuko kikae kwenye kona ya kasha, kisiguse karatasi. Chetezo cha udi kiwekwe mbali, maana moshi wake una mafuta na masizi. Ukiona vumbi la kutafunwa, funga kitabu ndani ya mfuko wa plastiki uliotolewa hewa, kiweke kwenye friza kwa wiki mbili, na baada ya kukitoa usiufungue mfuko mpaka kesho yake.

Acha kurasa sita tupu mwishoni, na ufunge penseli kwa uzi kwenye mgongo. Kitabu chetu kilipopelekwa Chake Chake kwa shangazi yake mama, alikipitia kimya mpaka kwenye ile picha ya Sikukuu, akaomba penseli, akaandika pembeni jina la yule fundi wa kanzu na jina la baba yake. Bibi yangu hakuwa amelijua.